SOMO LA KIKUNDI: Mabaka Meupe, Kifafa, na Boma Lisilofagiwa Ndani ya Ubongo



Somo letu safari hii ni la afya. Linahusu ugonjwa ambao wengi wetu hatujasikia jina lake, lakini huenda tumewahi kumwona mtu aliye nao bila kujua. Unaitwa tuberosi sklerosisi. Mtu huzaliwa nao. Unaleta kifafa kwa watoto wachanga, mabaka meupe kwenye ngozi, na vinundu katika ubongo, figo na sehemu nyingine za mwili.

Labda mwenyekiti atauliza, "Kwa nini tupoteze mkutano kwa ugonjwa ulio nadra? Si afadhali tusome malaria?" Hilo ni swali zuri. Ni kweli kwamba ulimwenguni huzaliwa mtoto mmoja hivi mwenye ugonjwa huu katika kila watoto 6,000. Kijiji kinaweza kukaa miaka mingi bila kuuona. Lakini tuna sababu mbili za kuusoma.

Ya kwanza ni kwamba kifafa chenyewe si nadra. Watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka, wakipata dawa zinazofaa na kuzitumia sawasawa. Ya pili ni kwamba katika ugonjwa huu wanasayansi wameweza kuona, ndani ya ubongo wenyewe, ni kitu gani kimeharibika. Tukikielewa kitu hicho, maneno ya "ati amerogwa" na "ati mama yake alikosa nini" hayatapata tena mahali pa kusimama. Katika kutembelea vikundi tumewaona akina mama waliorudishwa kwao kwa sababu ya mtoto anayeanguka. Kwa hiyo somo hili si la vitabuni tu.

Gaweni somo katika mikutano miwili. Mkutano wa kwanza usome sehemu ya 1 hadi ya 3, na wa pili usome sehemu ya 4 hadi ya 7. Mmoja asome kwa sauti, polepole, na wengine wamsimamishe wakitaka kuuliza.

1. SELI NI KAMA BOMA

Mwili wetu umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli. Hatuwezi kuziona kwa macho bila darubini. Kila seli tunaweza kuilinganisha na boma. Ina ua na lango, ina ghala, ina meko ya kutengeneza nguvu, na ina maagizo ya jinsi kazi zote zinavyofanywa. Maagizo hayo huitwa jeni, nasi tunayapata kutoka kwa baba na mama.

Katika boma lenye watu kazi haziishi. Vitu vipya vinajengwa na vya zamani vinachakaa. Ndani ya seli ni vivyo hivyo. Protini huzeeka na kupinda. Meko hupasuka na kuanza kutoa moshi badala ya moto. Takataka hizi zisipoondolewa, boma linajaa na watu wanakosa njia ya kupita.

Sasa, mkulima mwerevu hufanya nini na mabua ya mahindi, maganda ya ndizi na samadi? Hatupi ovyo. Anatia katika shimo la mboji, na baada ya muda anapata mbolea ya kurudisha shambani. Seli nayo hufanya hivyo. Hutengeneza mfuko mdogo kuzunguka kitu kilichochakaa. Kisha mfuko ule unapelekwa kwenye kifuko kingine chenye maji makali, kiitwacho lisosomu. Hapo taka zinayeyushwa, na vipande vizuri vinatumika tena kujenga vitu vipya. Wanasayansi huita kazi hii otofaji, neno la Kigiriki lenye maana ya kujila mwenyewe. Sisi katika somo hili tutaiita usafi wa boma.

Lisosomu ziligunduliwa mwaka wa 1955 na Mbelgiji aitwaye Christian de Duve, na mwaka wa 1963 ndiye aliyeipa kazi hii jina lake. Baadaye Mjapani, Yoshinori Ohsumi, alitafuta maagizo yanayoongoza usafi huu. Alitumia hamira, hii hii ya kuumulia mikate. Aliinyima hamira chakula, kisha akaangalia kwa darubini jinsi seli zake zinavyokusanya vitu vyao vya ndani ili kuvitumia. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2016. Mnaona kwamba elimu kubwa inaweza kutoka kwa kitu kilichopo jikoni kwetu.

2. NYAPARA NA WALINZI WAWILI

Katika boma ni nani anayeamua kwamba leo tunajenga, na kesho tunasafisha? Ndani ya seli kuna protini moja inayofanya kazi kama nyapara. Jina lake ni mTOR. Chakula kikiwa kingi, nyapara huyu husema, "Jengeni! Ongezeni!" na huzuia kazi ya usafi. Chakula kikipungua, hunyamaza. Hapo ndipo usafi unaanza, na seli inaishi kwa kutumia vipande vya zamani. Ni kama mama mwenye nyumba. Wakati wa mavuno hana haja ya kuokota okota, lakini wakati wa njaa anafagia hata pembe za ghala.

Nyapara mwenye sauti hivyo anahitaji mtu wa kumzuia. Kuna walinzi wawili wa kazi hiyo. Mmoja ni protini iitwayo hamatini na mwingine ni tuberini. Wanafanya kazi wakiwa wameshikana, kama ng'ombe wawili wa nira moja. Mmoja akikosekana, yule anayebaki hawezi kulima peke yake. Jeni yenye maagizo ya kutengeneza tuberini, iitwayo TSC2, ilipatikana mwaka wa 1993. Jeni ya hamatini, iitwayo TSC1, ilipatikana mwaka wa 1997.

Zoezi la kamba. Tafuteni kamba, ufagio na kuni kiasi. Choreni duara chini, hilo ndilo boma. Mtu mmoja awe nyapara, na afungwe kamba kiunoni. Wawili wawe walinzi, wakishika kamba pamoja. Mmoja awe msafishaji mwenye ufagio. Wengine walete kuni na kuzipanga ndani ya duara kila nyapara anapoita "Jenga!" Walinzi wakivuta kamba, nyapara anyamaze na msafishaji aingie kutoa kuni zilizozidi. Fanyeni hivyo mara mbili tatu. Kisha mwondoeni mlinzi mmoja, na kamba ianguke chini. Nyapara aendelee kuita bila kuzuiwa, na msafishaji abaki langoni bila ruhusa ya kuingia. Baada ya dakika mbili simameni muulizane: Boma linaonekanaje? Msafishaji ni mvivu, au amezuiwa?

Jibu la swali hilo la mwisho ndilo kiini cha somo. Katika ugonjwa huu msafishaji yupo, ufagio upo, na shimo la mboji lipo. Lakini nyapara hana wa kumnyamazisha, kwa hiyo usafi haupewi nafasi.

3. KINACHOTOKEA NDANI YA UBONGO

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni ya walinzi hawa, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye tuberosi sklerosisi huzaliwa na nakala moja iliyoharibika. Ile nzima hujitahidi, na sehemu kubwa ya mwili inaendelea vizuri. Lakini mahali hapa na pale nakala ya pili nayo huweza kuharibika. Hapo mlinzi hayupo kabisa, na mara nyingi hapo ndipo kinundu kinapoota. Ndiyo maana ugonjwa huu haushiki mwili wote sawasawa. Unakuja kwa mabaka, kama shamba ambalo mahindi mengi ni mazuri lakini mahali fulani yamekuwa manjano.

Mwaka wa 1880, daktari Mfaransa Désiré-Magloire Bourneville alichunguza ubongo wa msichana aliyekufa mjini Paris, ambaye alikuwa na kifafa tangu utoto. Alikuta sehemu zilizovimba na kuwa ngumu kwenye ngozi ya juu ya ubongo. Akaupa ugonjwa jina kutokana na kile alichokiona. Neno la kwanza linatokana na Kilatini, lenye maana ya kinundu, na siku hizi wataalamu wa kilimo hulitumia kwa viazi pia. Neno la pili maana yake ni ugumu. Basi ni ugonjwa wa vinundu vigumu, kama viazi vilivyojificha.

Vinundu hivi vya ubongo huanza mtoto akiwa bado tumboni. Ukikiangalia kinundu kwa darubini unaona nini? Seli za ubongo wa kawaida zimepangwa kwa safu, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Ndani ya kinundu safu zimevurugika, na kuna seli nyingine kubwa kupita kiasi. Mwaka wa 2013 watafiti wa London walichapisha uchunguzi wa vipande vya ubongo vilivyotolewa wakati wa upasuaji wa kifafa. Ndani ya seli hizo kubwa walikuta malundo ya protini iitwayo p62.

Protini hiyo ina maana gani? Ni kama kikapu cha kubebea taka. Hufunga taka, huzipeleka shimoni, na kikapu chenyewe kinaozea huko pamoja nazo. Ukipita kwenye boma na kukuta vikapu vya taka vimejaa uani, huhitaji kuambiwa. Unajua tu kwamba hakuna taka zinazofika shimoni. Ndivyo watafiti walivyojua kwamba usafi umekwama ndani ya vinundu.

Je, kukwama huko ndiko kunaleta kifafa? Seli za ubongo huzungumza kwa umeme. Kifafa ni pale seli nyingi zinapopiga kelele kwa pamoja bila mpango. Mwaka wa 2012 watafiti wa Marekani walichapisha habari za panya waliozimwa usafi katika seli za ubongo peke yake, bila walinzi wao kuguswa. Panya hao walianza kuanguka kifafa. Kwa hiyo kukosa usafi peke yake kunaweza kuvuruga umeme wa ubongo.

Kuna jambo jingine, na wakulima wa kahawa watalielewa haraka. Mkahawa usiopogolewa hutoa matawi mengi na matunda hafifu. Ubongo wa mtoto nao huanza na viungo vingi mno kati ya seli, na anapokua vile visivyohitajika hupogolewa. Usafi wa boma unasaidia katika kupogoa huko. Mwaka wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba panya wenye mlinzi aliyeharibika hawakupogolewa vizuri, wala hawakuchangamana vizuri na panya wenzao. Walipopewa dawa ya kumnyamazisha nyapara, kupogoa kulirudi. Lakini panya waliokosa jeni ya usafi hawakusaidiwa na dawa hiyo. Hii inatusaidia kuelewa kwa nini karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa huu wana usonji, yaani wanaona taabu kuzungumza na kuchangamana na watu.

Tusizidishe lakini. Usafi si kitu pekee kilichoharibika. Nyapara asiyezuiwa pia hukuza seli kupita kiasi na kuzifanya zikae mahali pasipo pake. Mambo haya yanakwenda pamoja.

4. DALILI ZA KUANGALIA

Ngozi. Mabaka meupe au mepesi kuliko ngozi ndiyo dalili inayoonekana mapema, mara nyingi tangu utotoni kabisa. Watu karibu 90 katika kila 100 wenye ugonjwa huu wanayo. Mengine yana umbo la jani refu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna bahati hapa, kwa sababu yanaonekana kwa urahisi kuliko kwenye ngozi ya Mzungu, ambaye daktari wake hutumia taa maalum. Baka moja au mawili si ushahidi, kwani watu wengi wazima wanayo. Yakiwa matatu au zaidi, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 au kupita, mtoto apelekwe kuangaliwa. Mabaka haya hayawashi wala hayatoi magamba kama choa. Hayapotezi hisia kama ya ukoma. Muuguzi atawasaidia kutofautisha.

Mtoto anapokua huweza kutokea vipele vyekundu au vya rangi ya ngozi, puani na mashavuni, ambavyo watu hudhani ni chunusi. Sehemu ya mgongo chini huweza kuwa na ngozi nene, ya kukwaruza. Kwa vijana na watu wazima vinyama huweza kuota kando ya kucha.

Mishtuko ya mtoto mchanga. Hii tunaomba kila mama mkwe, kila mkunga na kila dada mlezi aishike kichwani. Mtoto wa miezi mitatu hadi minane hivi anajikunja ghafla, kichwa kinaanguka mbele, mikono inaruka juu au mbele. Inachukua sekunde moja au mbili, inaacha, kisha inarudi tena na tena kwa mfululizo, hasa anapoamka. Kwa kuwa hatetemeki na hatoi povu, watu husema ni tumbo linamsokota, au ameshtuka tu. Wanampa maji ya dawa na kungoja. Hiki ni kifafa kibaya kuliko kinavyoonekana. Kila wiki inayopita bila dawa inamwibia mtoto uwezo wa kujifunza. Asipelekwe wiki ijayo, apelekwe sasa.

Viungo vingine. Watoto wengine huzaliwa na vinundu katika moyo, ambavyo mara nyingi hupungua vyenyewe. Watu wazima wanaweza kupata vinundu vya figo, na vikubwa huweza kutoka damu. Mgonjwa anayejulikana akiona damu kwenye mkojo au maumivu makali ubavuni, aende hospitali siku hiyo hiyo. Wanawake wengine hupata ugonjwa wa mapafu na kukosa pumzi.

5. MAMBO YA KURITHI NA MAMBO YA LAWAMA

Mzazi mwenye jeni hii iliyoharibika, awe baba au mama, anaweza kuipitisha kwa mtoto. Kwa kila mimba ni kama kurusha shilingi: upande mmoja mtoto anaipata, upande mwingine haipati. Mimba iliyotangulia haibadilishi hesabu. Kila mara shilingi inarushwa upya.

Lakini sikilizeni hili vizuri. Kama watoto wawili katika kila watatu wenye ugonjwa huu hawakurithi kwa mtu yeyote. Jeni iliharibika yenyewe mtoto alipokuwa anaanza kufanyika. Hakuna chakula mama alichokula, hakuna neno alilosema, hakuna mzimu, hakuna mtu wa upande wa mke au wa mume wa kubebeshwa mzigo. Wazazi wasio na jeni hii wana nafasi ndogo sana ya kupata mtoto mwingine mwenye ugonjwa, ingawa nafasi hiyo haiishi kabisa.

Pia, ugonjwa unaweza kuwa mwepesi kwa mmoja na mzito kwa mwingine, hata katika nyumba moja. Baba anaweza kuwa na mabaka na vipele tu, asijue lolote, na mtoto wake akawa na kifafa kikali. Kwa hiyo mtoto akigunduliwa, wazazi wote wawili waangaliwe ngozi zao, pamoja na ndugu zake. Si kwa kutafuta mwenye hatia. Ni kwa sababu aliye na ugonjwa anastahili kuangaliwa figo zake mapema.

Hauambukizwi. Sio kwa kikombe, sio kwa kitanda, sio kwa povu la mdomoni. Mtoto aliyeanguka na kuungua motoni, kwa sababu watu waliogopa kumgusa, hakuunguzwa na kifafa. Aliunguzwa na woga wetu.

6. MATIBABU YALIYOPO

Hakuna dawa ya kuirudisha jeni iliyoharibika. Lakini mengi yanaweza kufanywa.

Kwanza ni dawa za kawaida za kifafa. Kwa ile mishtuko ya watoto wachanga wenye ugonjwa huu, madaktari bingwa hupenda dawa iitwayo vigabatrini. Inasaidia sana, lakini inaweza kupunguza uwezo wa macho kuona pembeni, kwa hiyo lazima macho yaangaliwe. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla, hata mtoto akikaa miezi bila kuanguka. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. Msichana aliyekomaa anayetumia dawa amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa nyingine zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiache kumeza kwa uamuzi wake mwenyewe.

Pili ni upasuaji. Ikionekana kwamba kinundu kimoja ndicho kinachowasha kifafa, wapasuaji wa ubongo wanaweza kukitoa.

Tatu ni dawa za kumnyamazisha nyapara. Historia yake inapendeza. Mwaka wa 1964 watafiti kutoka Kanada walichukua udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, mbali katika Bahari ya Pasifiki. Ndani ya udongo ule kulikuwa na bakteria wanaotengeneza kitu ambacho kilipewa jina la rapamaisini, kutokana na jina la kisiwa. Miaka mingi baadaye wanasayansi walipomgundua nyapara, walimwita kwa jina la dawa inayomnyamazisha. Herufi za TOR zinatokana na hapo. Kwa hiyo nyapara alipewa jina la kamba yake.

Ndugu ya dawa hiyo, everolimasi, iliruhusiwa Marekani mwaka wa 2010 kwa uvimbe fulani unaokua katika ubongo wa wagonjwa hawa, na mwaka wa 2018 kwa kifafa chao. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2016, wagonjwa 366 ambao dawa za kawaida ziliwashinda waligawanywa katika makundi matatu, wakiendelea na dawa zao. Waliopewa everolimasi ya kiasi kikubwa, 40 katika kila 100 walipunguziwa kuanguka kwa nusu au zaidi. Wa kiasi kidogo walikuwa 28. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 15. Mnaona basi: ni msaada wa kweli, lakini si muujiza. Dawa hii ni ya bei kali, inaleta vidonda vya mdomo, na inapunguza kinga ya mwili dhidi ya magonjwa. Hutolewa na daktari bingwa na kupimwa kwa damu. Si ya kununuliwa dukani.

Onyo moja. Tulisema kwamba njaa huanzisha usafi wa seli. Mtu asije akasema, "Basi tumnyime mtoto chakula ili ubongo usafike." La, hasha! Mtoto mwenye kifafa akikosa chakula au usingizi anaweza kuanguka zaidi, na mtoto wa utapiamlo hana nguvu ya kupigana na lolote. Alishwe kama watoto wengine.

7. KIKUNDI KIFANYE NINI

Mtu akianguka: Mwondoeni karibu na moto, maji na vitu vikali. Mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke. Legezeni nguo ya shingoni. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na msimshike kwa nguvu. Angalieni saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, mkimbizeni hospitali. Akiamka, kaeni naye mpaka ajue yuko wapi.

Daftari: Mama wa mtoto awe na daftari dogo. Aandike tarehe, saa, muda, na jinsi alivyoanguka. Asiyejua kuandika apige alama, na katibu wa kikundi amsaidie. Daktari mwenye daftari hili mkononi atafanya kazi bora kuliko yule anayeambiwa "anaanguka anguka tu". Kama kuna simu yenye kamera, mpigeni mtoto picha ya video wakati wa mishtuko, muonyeshe hospitalini.

Nauli na dawa: Dispensari inaweza kumtuma mtoto hospitali kubwa, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Kikundi chenye mfuko wa kuzunguka kinaweza kutenga fungu la safari za hospitali. Mweka hazina aandike tarehe ambayo dawa za mtoto zitakwisha, ili nauli itafutwe wiki moja kabla, si siku moja baada.

Shule: Mwalimu aambiwe. Mtoto mwenye kifafa aende shule, akae karibu na rafiki anayejua kumsaidia. Asiyeweza kufuata darasa la kawaida atafutiwe darasa la mahitaji maalum, asifungiwe nyumbani.

Mama: Mtembeleeni. Mfueni nguo siku moja, mmshikie mtoto alale. Mama ambaye hajalala usiku tatu hahitaji mahubiri.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika zoezi la kamba, msafishaji alijisikiaje alipozuiwa langoni? Hilo linatufundisha nini kuhusu mtoto ambaye watu humwita mzembe au mjinga?

2. Kijijini kwetu watu husema kifafa kinaletwa na nini? Maneno hayo yamemgharimu nani, na yamemgharimu nini?

3. Je, kuna mtoto tunayemfahamu mwenye kifafa pamoja na mabaka meupe matatu au zaidi? Ni nani kati yetu anayeaminiwa na mama yake, aende kuzungumza naye kwa upole?

4. Mishtuko ya mtoto mchanga ikionekana usiku wa leo, tutatumia gari la nani, na pesa zipi? Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali hili kwa majina.